Gari Lisilobeba Maharusi

Jumatatu, 5 Januari

Foleni tena. Ofisi ya leseni za magari, safari ya tatu. Mwanamke wa dirisha la nne anakula chipsi huku akisoma fomu zangu. Sasa fomu zina mafuta. Amesema kimekosekana cheti cha ukaguzi. Juzi hakukitaja. Nikamwambia "asante." Najidharau kwa hiyo asante kuliko ninavyomdharau yeye.

Ninachokitafuta ni hiki. Gari la Papa, marehemu baba yangu, limepita miaka hamsini. Gari la umri huo laweza kusamehewa ada ya leseni ya kila mwaka, na ada tuliyolipa kwa miaka miwili iliyopita ikarudishwa. Sharti ni moja: liwe gari la kutunzwa tu, lisibebe watu kwa malipo.

Sharti hilo liko ukurasa wa pili. Baba Mdogo hajawahi kufika ukurasa wa pili wa kitu chochote.

Jumanne, 6 Januari

Baba Mdogo Fariji ni mdogo wake Papa. Papa alilikuta gari limeoza nyuma ya karakana moja hapa mtaani Jeppestown, akalijenga upya kwa miaka sita. Baba Mdogo hakushika hata spana. Papa alipofariki, alishika ufunguo. Kila Jumamosi analivisha riboni na maua ya plastiki, anabeba maharusi wa Kikongo, anapiga honi kwenye kila roboti, yaani taa za barabarani. Kanisani wanamwita Mzee wa Gari. Anaitika.

Lakini kadi ya gari ina jina langu. Papa aliliandikisha hivyo nilipotimiza miaka kumi na minane, kwa sababu mimi nina kitambulisho, na karatasi za ukimbizi za wazee wangu zilikuwa bado zinangoja kufanywa upya.

Leo mezani Baba Mdogo katangaza: msamaha usipopatikana kufikia mwisho wa Februari, anauza. Kuna mtu wa mji wa Midrand analitaka. Ataniletea karatasi nitie sahihi. Na nitatia. Najijua. Sijawahi kumwambia mtu mzima hapana.

Mama aliendelea kugawa ugali.

Jumamosi, 10 Januari

Midrand, kwa ukaguzi. Wazee watano wa chama cha magari ya zamani, kaptula na soksi ndefu. Waliliuliza gari habari zake kwa upole ambao hawakunipa mimi. Mmoja alimuuliza Baba Mdogo kama gari ni lake. Akajibu ndiyo. Fomu yenye jina langu ilikuwa mkononi mwangu. Hakuna aliyeitazama.

Kisha mzee mmoja akapitisha kidole kwenye boneti. Gundi ya riboni.

"Hii nini?"

"Krismasi," akasema Baba Mdogo.

Nilitamani ardhi inimeze. Wakatoa cheti. Wakasema aliyelijenga ana mikono ya dhahabu. Baba Mdogo akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kana kwamba ni yeye.

Njia nzima ya kurudi nilitunga mambo ya kumwambia. Mazuri sana. Sikusema hata moja.

Alhamisi, 15 Januari

Kituo cha polisi, kwa kiapo ambacho ofisi ya leseni inakitaka. Baba Mdogo alikuwa ameandika maneno kwenye simu, mimi nikayanakili kwa mkono: mimi ni mwenye gari, gari hili halikodishwi wala halibebi abiria kwa malipo. Nje aliniona nasitasita mlangoni.

"Binti yangu, karatasi ni karatasi. Harusi ni harusi. Ingia."

Askari alikuwa amechoka hata kabla sijakaa. Aliniuliza kama naelewa nilichoandika. Kama nina pingamizi la kuapa. Kama nakubali kiapo hiki kinaifunga dhamiri yangu.

Swali la tatu sikulitegemea. Nilidhani ni muhuri tu. Nikanong'ona ndiyo.

"Eish, kwa sauti, msichana. Sisikii."

"Ndiyo!"

Watu wa foleni waligeuka. Muhuri ukagongwa. Baba Mdogo akaninunulia juisi, kama mtoto aliyechomwa sindano bila kulia.

Ijumaa, 16 Januari

Sijalala vizuri. Niliapa uongo. Najua watu hapa huapa kila siku, anwani, umri, ndoa, na mvua inanyesha kama kawaida. Lakini mimi nilisema ndiyo, tena kwa sauti.

Nimefikiri hivi: nilichoandika kinasema halikodishwi. Hakisemi halikuwahi. Basi lisikodishwe tena kuanzia leo, na kiapo kitakuwa kweli. Ni rahisi kiasi cha kutisha.

Jioni nikamwambia Baba Mdogo hapana. Mara ya kwanza maishani. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia tarehe ishirini na nne anambeba Sifa siku ya harusi yake, na nikafute viti.

Jumatano, 21 Januari

Sifa ni msusi. Alinisuka bure kabla ya mitihani ya mwisho, akaniambia kichwa chenye nywele nzuri hakisahau majibu. Anastahili kuambiwa atafute gari lingine. Nimemwandikia ujumbe mara nne, nimeufuta mara nne.

Namdharau Baba Mdogo kwa uongo. Kwa hili nijidharau mimi.

Jumamosi, 24 Januari

Saa mbili asubuhi niliuchukua ufunguo kwenye msumari nikauweka ndani ya kiatu changu. Nikakaa kwenye ngazi ya ua.

Baba Mdogo akatoka na koti jeupe, riboni begani. Alitafuta msumarini, mfukoni, chini ya viti. Kisha akaniona, akaelewa.

"Lete."

"Gari halikodishwi. Nimeapa."

"Uliapa kwa askari! Mbele ya Mungu kuna bibi harusi anangoja!"

Majirani wakatoka. Akaniita mtoto wa shule, mwanasheria wa senti tano, Mzungu mweusi. Mama akaja na upawa mkononi, akasema nisimwaibishe baba yangu mdogo mbele ya kanisa. Sikuinuka, kwa sababu ningeinuka ningempa ufunguo.

Mwishowe Mama akanitazama miguu. Niliukalia mguu mmoja vibaya, akajua ufunguo uko wapi. Akarudi jikoni na upawa wake.

Sifa alikwenda kanisani kwa teksi ya abiria, kile kibasi cha kila mtu, shela ikitoka dirishani. Wanasema alilia. Hilo nimelifanya mimi, si Baba Mdogo.

Jumanne, 27 Januari

Nilikwenda saluni. Nikasema samahani, nilijua wiki nzima. Sifa aliendelea kusuka kichwa cha mteja. Akasema, "Mdomo unao, kumbe." Si msamaha. Jibu hilo nililistahili.

Ijumaa, 13 Februari

Dirisha la nne. Msamaha umekubaliwa. Fedha za miaka miwili zitarudishwa kwa jina la mwenye gari, si la mwingine. Mwanamke aliniambia kwa mdomo uliojaa. Sikusema asante. Halafu nikarudi nikasema, kwa sababu hakunikosea leo.

Nimemwambia Baba Mdogo fedha zitanunua breki. Hajaongea nami tangu harusi. Mtu wa Midrand amepigiwa simu na Mama, kaambiwa gari haliuzwi. Sikujua Mama ana namba yake.

Jumamosi, 14 Februari

Harusi tatu mtaani leo. Honi kila upande.

Papa alikuwa akiwasha injini dakika kumi kila Jumamosi bila kwenda popote. Nami nimewasha. Nimesugua gundi ya boneti kwa maji ya moto mpaka ikatoka.

Baba Mdogo alisimama mlangoni na koti lake jeupe. Hakuna aliyemwita leo. Alisikiliza injini. Kisha akaja upande wa abiria, akangoja, mikono nyuma.

Bado simheshimu. Nilimfungulia mlango.

Tukakaa dakika zilizobaki.