Mzee Kafiwa na Mpanda Joka

Shoga, umewahi kupewa pole kwa msiba wa kwenye televisheni? Mimi nimepewa leo.

Si unaijua ile tamthilia ya majoka na wafalme anayoangalia mume wangu na mjukuu wetu wa kike? Leo yule mpanda joka, kipenzi cha mzee, kakatwa kichwa. Kakatwa kichwa, shoga! Hata maneno hajamaliza!

Mzee kachukua simu, kaandika kwenye kundi la ukoo: "Kijana wetu hatunaye tena." Kijana gani, hakusema. Kisha kazima simu!

Haukupita muda, hodi. Wifi yangu huyo mlangoni, mtandio upande, analia: "Kaka, ni nani? Niambie ni nani!" Nyuma yake mumewe kabeba viti vya plastiki. Viti, shoga!

Mzee alitamani aingie chini ya kochi. Mjukuu hoi kwa kicheko: "Babu, bila vifo haina utamu! Lazima uogope kwamba yeyote anaweza kufa."

"Nikiwaogopea wote, nimpende nani? Siku hizi hata majina yao sishiki. Ya nini, na wiki ijayo wanazikwa? Mimi siangalii tena."

Hapo kicheko kikamkauka mtoto. Ile ndiyo saa yao ya kukaa pamoja, wawili tu.

"Babu jamani, nitaangalia na nani? Kwani wewe ulitaka iweje?"

Mzee kavuta-vuta uzi wa kochi. Sote tunamtazama, hadi shemeji na viti vyake mkononi.

"Nilitaka mmoja tu azeeke," akasema.