Dhahabu ya Mama na Kozi ya Raed

Takaungu, 4 Septemba 2024

Mwanangu Mubin,

Assalam alaykum. Hujambo, na kifua chako kimepoa? Mimi ni mzima, magoti tu yananisumbua tangu nirudi kutoka Maskati. Dada yako Asila naye hajambo, anajishughulisha na harusi yake kana kwamba hajawahi kuolewa mtu hapa Takaungu.

Naandika kwa mkono halafu naipiga picha nikutumie. Kwa sauti sisemi, kwa sababu simu yako huiwekea spika, na hapo Ras Al Khor mnalala chumba kimoja watu wanane. Maneno haya si ya watu wanane.

Dhahabu haiko. Ile ya harusi yangu: mkufu, bangili nne na kipini. Kabla sijaenda Umra niliizika uani, kama alivyokuwa akifanya nyanyako kila akisafiri, na kama yeye sikumwambia mtu mahali. Baada ya Umra, nilipokuwa Maskati kwa mama yako mdogo, mvua ikabomoa ukuta wa uani. Mkeo akaita fundi, akajengesha mwingine, akamwaga na kifusi uwanja mzima. Simlaumu kwa hilo, alifanya jambo la maana. Lakini nimechimba pale kwenye pembe ya ukuta, nikapumzika, nikachimba tena, na hakuna kitu.

Asila alikuwa chuoni. Nyumbani alikuwepo Najla peke yake.

Simsingizii. Ila nimeanza kufunga kabati langu, ufunguo nauweka kifuani, na yeye ameona. Jana amekusanya nguo zake akaenda kwao Malindi, anasema anamwangalia mamake. Aliniaga kwa mdomo tu, macho yalikuwa pengine.

Asila atatoka nyumba hii shingo tupu, na wewe sijui utabaki na mke au hapana. Niambie nifanye nini.

Mamako,
Tufaha


Dubai, 9 Septemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Kifua kimepoa, alhamdulillahi, siku hizi arbab, bosi wetu, anatugawia barakoa. Magoti yapake ile dawa niliyokuletea, usiiweke kabatini kama pambo.

Barua yako niliisoma stoo ya vipuri, nimekaa juu ya rundo la milango ya Corolla, na chakula cha mchana kikanishinda. Nilimpigia Najla. Nikamuuliza kama aliona kitu wakati wa kujenga. Akasema, "Unaniuliza au unanishika?" Nikasema nauliza. Akakata. Tangu siku ile akinipigia yeye mimi sipokei. Naogopa atakachoniambia, Mama. Huo ndio ukweli.

Sasa nisikilize. Nyuma ya barabara ya Al Rigga kuna duka linalouza mashine za kutafutia madini ardhini. Wasudani na Waganda wananunua hapo wakienda kutafuta dhahabu makwao. Yuko mwalimu, Raed, anafundisha Jumapili kwa malipo. Msellem, yule mwenzangu wa Kisauni, ananicheka. Anasema video ziko bure kwenye simu, mtu anajifunza akiwa amelala. Huenda ana haki. Lakini mimi nimelipa. Msellem akikosea atakosa pete mchangani. Nikikosea mimi, aliyekosewa ni mke wangu.

Mashine nitanunua, na Msellem ataileta akija likizo. Niandikie ulizika nini na kwa kina gani, Raed ameuliza.

Mwanao,
Mubin


Takaungu, 15 Septemba 2024

Mubin mwanangu,

Salamu zimefika, na dawa nimepaka, usinigombeze.

Umelipa mtu akufundishe kutafuta? Mimi nimekulea ukipoteza kiatu kimoja kila siku ya madrasa, nikakitafuta na kukipata, na kozi sikupewa na mtu. Haya, ushalipa. Msikilize huyo mwalimu, usisinzie kama ulivyokuwa ukisinzia kwa Ustadh Badawi.

Nimezika dhahabu, nimeshakwambia. Mkufu, bangili nne, kipini. Kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, na juu yake sasa ongeza kifusi cha mkeo.

Watu wameanza kuniuliza Najla yuko wapi. Nasema mamake anaumwa. Jana mamake nimemwona sokoni Kilifi, mzima, amebeba nazi. Tulipeana mkono, kila mmoja akaangalia nazi.

Mamako


Dubai, 6 Oktoba 2024

Mama yangu,

Nataraji barua hii inakukuta salama, na magoti yameanza kukusikia. Sisi tuko na kazi nyingi, joto limepungua.

Kozi imekwisha leo. Nikwambie ilivyokuwa. Jumapili ya kwanza Raed alitukalisha ndani, akatusomea yale yale yaliyoandikwa kwenye kijitabu cha mashine. Nilirudi kwa basi nikijiona mjinga, na Msellem akanipokea mlangoni kwa kicheko. Jumapili ya pili alitupeleka mchangani nje ya mji, hapo ndipo kazi ilipoanza. Alifukia vitu, akatuacha tuvitafute. Alinishika mkono kunizuia, kwa sababu nilikuwa nakwenda mbio na naiinua ile sahani ya chini kila nikigeuka. Video haikushiki mkono. Pia alitukanya: ukiona kitu cha kale, kiache, hicho ni cha serikali.

Jambo kubwa alilotufundisha ni kuichagulia mashine cha kusikia. Chuma kiko kila mahali, misumari, vizibo, mabati. Ukiiacha isikie chuma utachimba takataka mpaka uchoke. Kwa hiyo nimekinyamazisha chuma kabisa. Nimeitengeneza yote kwa mkono wangu, wewe washa tu, usiguse kingine. Pitisha sahani karibu na ardhi, polepole, kama unayepiga pasi. Ikilia, chimba.

Msellem atakuletea wiki hii. Isipolia, Mama, sijui. Sitaki kufikiria.

Mwanao,
Mubin


Takaungu, 27 Oktoba 2024

Mwanangu,

Assalam alaykum. Sijambo kwa mwili.

Nimetafuta. Nilivaa yale masikio ya mashine juu ya mtandio, majirani wakapanda juu ya viti kuniangalia, na Bi Rukiya akauliza kama natafuta redio. Nilikwenda ukuta hadi ukuta, polepole kama unayepiga pasi, nikarudi kwa upande mwingine. Imelia mara mbili tu. Ya kwanza, kipande cha sufuria. Ya pili, ile senti kumi ya zamani yenye tundu. Basi. Uwanja mzima kimya.

Kwa hiyo imejulikana. Uchungu wangu ni kuwa nilimpenda yule msichana. Nilipougua alinipikia uji na kuninywesha kwa kijiko, na mpaka leo moyo unakataa. Lakini dhahabu haina miguu. Ijumaa nakwenda Malindi na mjomba wako Ubeid kuzungumza na babake. Nimeshamwambia Ubeid avae kanzu. Nikishalisema hilo mbele ya wazee halirudi tena mdomoni, najua, ndiyo maana nakuandikia kwanza.

Na mashine yako ni kiziwi. Leo nimeipitisha juu ya mkebe wa maziwa ninaotilia sukari, pacha wa ule niliotilia dhahabu, na haikusema neno. Mwambie mwalimu akurudishie chako.

Mamako


Dubai, 28 Oktoba 2024

Mama,

Usiende Malindi. Nakusalimu, lakini usiende.

Mkebe. Hukuniambia kuna mkebe. Mimi nilidhani umefunga kwenye kitambaa cha leso, kama alivyokuwa akifunga nyanya. Mkebe wa maziwa ni chuma, na mimi ndiye niliyeiambia mashine isisikie chuma. Umepita juu ya dhahabu yako na mashine imenyamaza kwa sababu nimeiamrisha inyamaze.

Nimempigia Raed, nikamkuta dukani. Akasema, "Khalas, basi, fungua yote." Anasema wanafunzi wake wanatafuta vitu vilivyodondoka, hajapata kuulizwa habari za kitu kilichofichwa ndani ya mkebe. Bonyeza kitufe chenye picha ya msumari mpaka mstari uliopita juu yake uondoke. Italia kwa kila kitu. Iache ilie. Chimba kila inapolia kwa nguvu na kwa upana.

Mwambie mjomba avue kanzu.

Mubin


Takaungu, 3 Novemba 2024

Mwanangu Mubin,

Wa alaykum salaam. Leo nakuandikia nimekaa kitako, nimeshusha pumzi, na chai iko mbele yangu.

Ile mashine ulipoifungulia mdomo ilinitoa akili. Misumari, bawaba, kijiko, ufunguo wa mlango ambao babako, Allah amrehemu, alinigombeza mwaka mzima kuwa nimeupoteza. Alikuwa ameupoteza yeye. Nimechimba uwanja umekuwa shamba la mihogo. Kisha, chini ya kamba ya nguo, ikalia sauti pana. Nilipofika kwenye kiwiko na kupita, jembe likagonga bati.

Chini ya kamba ya nguo, Mubin. Mahali ninaposimama kila siku nikianika, na mahali nilipopita na mashine yako ikiwa imenyamaza. Nilikaa chini kwenye mchanga nikalia, na Bi Rukiya akashuka kwenye kiti chake akaja kunishika.

Sikuufungua mkebe. Ijumaa nilikwenda Malindi, peke yangu, bila Ubeid na kanzu yake. Nimeufunga kwenye leso, udongo wake juu. Najla alinifungulia mlango, akaniona, akaona leso, akarudi nyuma hatua moja. Niliuweka mikononi mwake mbele ya mamake nikasema, "Fungua wewe."

Kifuniko kilikuwa na kutu, alikisukuma kwa mwiko. Akatoa mkufu. Akatoa bangili, moja moja, akaziweka juu ya mkeka. Kipini kilikuwa kimekwama chini, akakitoa kwa kidole. Nikamwambia, "Nilikudhania vibaya, mwanangu, nisamehe." Sikuongeza neno, kwa sababu lingine lolote lingekuwa la kujitetea.

Mamake aliuliza nimeupata wapi, nikasema chini ya kamba ya nguo, na mimi niliuzika kwenye pembe ya ukuta. Unajua Najla aliniambia nini? "Mama, ungeniuliza ukuta wa zamani ulikuwa wapi ningekuonyesha. Fundi aliusogeza nje, tupate nafasi ya kuanikia."

Ndiyo hayo tu. Ningeuliza. Lakini mimi nilirudi safari nikaona ukuta mpya, nikadhani umesimama palepale, na kuuliza sikutaka, maana kuuliza ni kuonyesha nilipozika. Tumechukiana miezi kwa ajili ya kamba ya nguo.

Amerudi nami. Sasa hivi yuko jikoni anakaanga mahamri, na anaimba kidogo, ingawa kwangu bado ana adabu nyingi kuliko zamani. Itapungua. Wewe mpigie. Na usianze na habari za mashine.

Mamako

Nimesahau: hiyo kozi ilistahili au haikustahili? Bi Rukiya anataka kujua, ana mjukuu anayetaka kuja huko kusomea mambo hayo.


Dubai, 6 Novemba 2024

Mama yangu,

Alhamdulillahi, na tena alhamdulillahi. Barua yako niliisoma palepale juu ya milango ya Corolla, na safari hii nilikula chakula changu na nusu ya chakula cha Msellem.

Nimempigia Najla kabla ya kukuandikia. Alipokea kabla simu haijalia sawasawa. Nilikuwa nimejipanga maneno ya kuomba radhi, mengi, na yeye akaniuliza kama nimekula. Nililia, Mama. Msellem alidhani mlango umenibana kidole, akakimbilia barafu. Baadaye Najla alinisema, akanisema vizuri, kila siku ambayo sikupokea simu yake aliitaja. Nilisikiliza yote.

Mwambie Bi Rukiya hivi. Kushika mashine na kuitembeza, mjukuu ataona kwenye video, na Jumapili ile ya kwanza mimi bado naililia. Kozi yenyewe ndiyo iliyonipoteza, kwa kuwa nilishika nilichoambiwa nikasahau kuuliza. Lakini siku mambo yaliponiharibikia, nilikuwa na mtu wa kumpigia, akapokea, akafikiri pamoja nami. Video nisingeweza kuipigia. Kwa hilo tu, ningelipa tena. Basi alipie mwalimu anayetoka nje na wanafunzi na anayepokea simu. Asiyekuwa hivyo, akae nyumbani aangalie video.

Raed anakusalimu. Jumapili iliyopita amefukia pete ndani ya mkebe wa maziwa, wanafunzi wote wakapita juu yake. Amewaambia somo hilo limetoka kwa mama mmoja wa Kenya.

Mwanao,
Mubin


Takaungu, 22 Desemba 2024

Mwanangu,

Assalam alaykum. Sote wazima, tumechoka tu, miguu imevimba kwa harusi.

Asila ametoka, na shingo yake haikuwa tupu. Najla ndiye aliyemvisha mkufu, nilimwomba yeye, na watu wote waliona. Bangili mbili Asila, kipini Najla. Alikataa, nikamwambia anivumilie, akakivaa, na kinamkaa kuliko kilivyonikaa mimi.

Mashine nimempa mjukuu wa Bi Rukiya. Mimi siitaki tena uani mwangu.

Mwezi ujao naitwa Maskati, mama yako mdogo anafanyiwa upasuaji wa macho. Zimebaki bangili zangu mbili. Jana nilimpa Najla nikamwambia azifiche anapotaka, kisha nikaingia ndani nikafunga dirisha la uani mpaka alipomaliza. Sijui ameziweka wapi, mwanangu, na sikumuuliza. Nimelala usingizi mzuri sana.

Mamako,
Tufaha