Hata Chumvi ya Mezani

Kozue, nimejificha ngazini nyuma ya maabara. Utafiti wangu umekufa, na kaka Takuma nilishamwahidi kumwondolea kiu!

Unajua dawa yake ya lithiamu humtuliza akili lakini humwacha na kiu isiyokatika. Nilikuwa na hakika nimeona sababu: lithiamu inavifanya vipokezi vya seli za figo viikatae peptidi, ile homoni inayozuia maji yasipotee mwilini. Niliamini nitaweza kuvirekebisha.

Leo kikaoni Profesa Onodera ameniuliza swali moja tu: "Chihaya, zile seli za kulinganishia uliziwekea chumvi gani?"

Sikuziwekea chumvi yoyote, ilhali lithiamu niliyozipa zile nyingine nayo ni chumvi. Yoyote, Kozue! Miaka miwili!

Iwabuchi, mtafiti aliyenitangulia maabarani, akainamisha kichwa. "Dada, mimi nilijaribu kwa chumvi ya mezani mwezi uliopita. Vipokezi viliikataa peptidi vilevile. Tatizo ni wingi wa chumvi, si lithiamu."

"Mwezi mzima! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha mno. Niliona haya."

Aliona haya! Na wengine wote wakatazama vikombe vyao vya chai. Kumbe walijua.

Sasa hivi kaka amenitumia ujumbe: "Mtaalamu wangu, wamekupigia makofi? Mama anapika wali mwekundu wa kukupongeza."

Nimeandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwishowe nimemjibu jambo pekee ninalolijua kwa hakika: "Kaka, endelea kunywa maji."