Maikroni Sitini

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Imekubali! Vipande viwili vya superkondakta, isiyozuia umeme hata chembe ikipozwa, nikiviachanisha maikroni sitini, kama upana wa unywele, vinatoa mawimbi ya terahezi kwa mwendo mmoja. Nguvu mara nne ya kipande kimoja! Ni kwenye kompyuta tu, lakini imekubali. Nimemwandikia Weldon, tuliyesoma naye, sasa yuko maabara Japani. Yeye hukata vipande halisi kwenye fuwele, mimi hapa Nakuru hupiga hesabu. Dk. Kipngeno, msimamizi wetu, amenipa mkono. Mama ashaambia kanisa zima la mtaa wetu wa Rhonda.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimekosea. Kila kipande kilipaswa kuanza kivyake, ovyo, ndipo tuone kama vitapatana. Mimi nilivianzisha vyote kwa sifuri – niliweka hivyo wiki ya majaribio, nikasahau kutoa. Vingeachaje kwenda pamoja? Nimerudia mara mia. Vimepatana mara tatu. Tatu! Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeona. Aibu gani hii. Nitamwambia Weldon kesho.

Alhamisi, 9 Oktoba
Sijamwambia. Amepiga yeye, furaha tele. Jumatatu anakata ile fuwele nzuri, ya pekee, iliyowachukua miezi minane kuikuza. "Naba, hiyo sitini uko sure nayo? Nikikata siwezi rudisha." Nikasema niko sure. Mdomo wangu huu!

Jumapili, 12 Oktoba
Mchungaji ameniita mbele – binti wetu wa sayansi. Makofi. Mama akalia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimemwandikia Weldon ujumbe mara nne, nimeufuta mara nne. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Najua. Najua!

Jumatatu, 13 Oktoba
Amekata.

Ijumaa, 17 Oktoba
Wamevipoza vipande, wakaviwasha. Kila kipande na wimbi lake. Leo tumekuwa na kikao cha video. Weldon amesema labda ni mkono wake, labda alikata vibaya. Ameomba msamaha mbele ya watu wote. Dk. Kipngeno akamuuliza mbona hakuwa makini. Na mimi nipo hapo, kamera imewashwa! Nikamwandikia pembeni: pole, hutokea. Naona haya hata kuiandika hapa.

Sasa hivi ametuma ujumbe. Wakubwa wake wanataka barua ya kujieleza. "Naba, wewe ndio unajua kupanga maneno. Nisaidie kuandika nilikosea wapi."

Nimefungua ukurasa. Nimeandika tarehe, na jina lake.