Mami, Jana Ulikuwa Mtakatifu

Mami,

Jana ulikuwa mtakatifu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilolingoja maisha yako yote, na ni haki ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa jirani yetu Mama Kamau, ambaye siku hizi anaongea nawe kuliko mimi.

Nakuandikia nikiwa jikoni mwako. Nimekalia kigoda chako, kile ulichotukataza, na hakijanichoma. Viazi vya msimu huu viliharibiwa na baridi, yule mbuzi mweusi amezaa mapacha, na kwaya iliimba vibaya kwenye mazishi yako. Hilo la mwisho ungelisema wewe mwenyewe, kwa sauti, mbele yao. Watu walijaa mpaka barabarani. Fadha alisema umelea imani ya kigango chetu kizima kwa mafundisho yako ya Jumamosi, na hakuna aliyebisha, maana nusu ya waombolezaji uliwafinya masikio ukiwafundisha Amri Kumi. Mimi sikulia, wakaliongea hilo mpaka mjini Chaka.

Tangu hapo umekuwa ukipanda cheo. Kwanza ulikuwa marehemu, kisha ukawa mama yetu sote. Mama Kamau aliomba kitambaa chako cha kichwa, kile cha buluu. Ukumbusho tu, alisema. Sasa anakifunga kwenye goti lake bovu na kutangaza kwenye jumuiya kwamba limepona. Goti lenyewe namwona akilikokota kila asubuhi akienda kukatia ng'ombe nyasi, lakini nani atabishana na muujiza?

Darasa lako Fadha alinipa mimi. Hakuwa na mwingine wa kuamka mapema Jumamosi na baridi hii yetu, na kwa kuwa nafundisha chekechea pale Chaka, watoto wananijua. Nilitaka kukataa. Nikakumbuka kwamba mtu aliyekwisha kumkataa Mungu hapewi nafasi ya kumkataa Fadha pia.

Unakumbuka ulivyonifundisha wito? Nilikuwa bado nang'oka meno ya mbele. Ilikuwa Jumapili ya kuombea miito, nawe ulitaka watoto waingie kanisani kwa maandamano wamevaa kama mapadre na masista. Wavulana waligombania kanzu. Kisha ukauliza, "Na nani anataka kuwa Sista?" Hakuna aliyejitokeza. Ukanitazama. Hukuita jina langu, Mami, hukuwa na haja. Ulinitazama vile ulivyonitazama nikiacha chakula kwenye sahani, nami nikainua mkono. Ulikata shuka jeupe ukanishonea shela, na tangu siku ile nikapoteza jina langu. Dukani, Sista. Mferejini, Sista. Wasichana wenzangu walipoanza kuchekeana na wavulana, walinyamaza nikifika. Hakuna kijana wa kwetu aliyewahi kuninunulia hata andazi, maana nani atamtongoza mchumba wa Mungu?

Nikaenda kwa masista kama ulivyotaka, na kabla ya nadhiri za kwanza nikarudi.

Maneno ya watu niliyazoea. "Ati hata Yesu amemrudisha kwao?" walisema sokoni, wakacheka mpaka vitunguu vikawamwagika. Hao niliwasamehe. Wao walifanya mzaha, wewe ulifanya somo. Kila mwaka ikifika mada ya wito uliniita mbele ya darasa, mimi mtu mzima, ukaniwekea mkono begani. "Huyu ni binti yangu. Mungu alimuita, yeye akasema hapana. Na Mungu hakulangi makombo. Muangalieni vizuri." Nao wakaniangalia vizuri. Nilikuja kwa sababu nilikula kwako na kulala kwako, na kwa sababu mwaka ule nilioenda kujificha kwa shangazi, ulimaliza Kwaresima nzima bila kunisemesha. Ulifunga nyama na ukanifunga mimi.

Sasa jana. Siku ya Watakatifu Wote watoto huja wamevaa kama watakatifu. Hilo ulilianzisha mwenyewe. Tulikuwa na Yosefu wawili wakigombania nyundo moja, na malaika Mikaeli mwenye mabawa ya katoni. Halafu akaingia Wangechi, mjukuu wa Mama Kamau, yule mdogo anayejua majibu yote. Alikuwa amefunga kitambaa chako cha buluu. Alivaa miwani isiyo na vioo, Biblia kubwa kwapani, na alitembea akiegemea kushoto kama wewe ulipoanza kusumbuliwa na nyonga. Nikamwuliza yeye ni mtakatifu gani. "Mimi ni Mtakatifu Katekista."

Watoto wakapiga makofi. Mimi nilitaka kutoka nje.

Nikamwambia, kama nilivyowaambia wengine, atuonyeshe utakatifu wake. Yosefu alikuwa amegonga msumari, Mikaeli alikuwa amemkanyaga shetani. Mtoto wa watu akafikiria kidogo, akitafuta kitu alichowahi kukuona ukifanya. Akamfinya Mikaeli sikio mpaka bawa likaanguka. Kisha akanigeukia na kuninyooshea kidole. "Wewe. Kuja hapa mbele."

Nikaenda.

Miguu ilienda yenyewe, Mami. Nilikuwa nimeshaiacha meza kabla sijajua ninachofanya. Nikasimama pale pale pangu, nikainamisha kichwa, na yule mtoto, kwa kuwa bega langu halifikii, akaniwekea mkono kiunoni na kusema kwa sauti yako. Binti yangu, Mungu, hapana, makombo. Hakukosa neno hata moja. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anatafuta peremende ya mshindi. Umefundisha utakatifu maisha yako yote, na walichoshika ni sikio la mtu na aibu ya mtu. Nilikuchukia, Mami. Nilikuchukia nikiwa nimesimama wima, mbele ya malaika mwenye bawa moja anayelia.

Ngoja nikwambie nisichokwambia ukiwa hai. Mimi sikumwambia Mungu hapana. Siku ile ya mwisho kule kwa masista, Mama Mkuu aliniita bustanini, tukang'oa magugu pamoja kwa muda mrefu, kisha akaniuliza ni lini nilimsikia Mungu akiniita. Nikamweleza Jumapili ile, na swali lako, na macho yako. Akapangusa mikono. "Mwanangu, wewe hukuitwa na Mungu. Uliitwa na mama yako. Rudi nyumbani."

Ndivyo nilivyorudi. Nikakuacha useme nimemkataa Mungu, kwa sababu binti mkaidi uliweza kumbeba. Hili lingine lingekuvunja. Usingesimama tena mbele ya watoto, na bila watoto wale ungekuwa nani? Kila mwaka uliponiita mbele ulidhani unaniadhibu, na mimi nilikuwa nakuficha. Sasa umejua. Huko uliko huwezi kunifunga mdomo, wala huwezi kuninunia zaidi ya unavyoninunia.

Nilikuwa niwaambie watoto haya yote jana. Maneno yalishafika ulimini. Lakini kitambaa kilikuwa kimemteremkia Wangechi mpaka kwenye nyusi, naye alikuwa ananitazama kuona kama amepatia. Nikaona kwamba nikisema, atakayesimama mbele ya wenzake kwa aibu ni yeye. Nikamrekebishia kitambaa. Nikamwambia Mtakatifu Katekista amebakisha jambo moja, amwombe Mikaeli msamaha. Akashangaa, maana hilo hakuwahi kukuona ukilifanya. Lakini akaenda, akaokota bawa, akamshikilia mwenzake likibandikwa. Ni tendo takatifu la kwanza nililokuona ukilitenda darasani mle, Mami, na ilibidi ufe kwanza.

Leo ni siku ya Marehemu Wote. Asubuhi Fadha aliuliza majina ya wa kuombewa. Mama Kamau alikuwa ameshanionya mlangoni, "Mama yako usimtaje, yeye ndiye wa kutuombea sisi." Nilisimama nikakutaja, jina la ubatizo na la nyumbani, na kanisa lote likanigeukia. Najua imekuuma. Watakatifu hawaombewi. Wanaoombewa ni wale ambao bado wako njiani, na wewe, mama yangu, una safari.

Kwaheri basi. Kitambaa nimemwachia Wangechi, nadhani kitamfaa kuliko kinavyolifaa goti la nyanyake. Ikifika mada ya wito nitawauliza watoto swali lako lile lile, kisha nitageukia dirisha na kuutazama mlima mpaka watakapomaliza kufikiria. Sitamtazama mtoto yeyote machoni. Na kila mwaka siku kama ya leo, wanong'one wakitaka, nitasimama mbele ya watu kwa ajili yako. Hilo nimeshalizoea.

Ni mimi,
Nyawira