Waya wa Kumsikia Papa

Uvira, Kimanga, tarehe 6 Septemba

Kaka yangu, Yaya Hyacinthe,

Nakusalimu kwa upendo. Sisi ni wazima wa mwili, ila Mama anakula kidogo. Na weye, kifua kimepona? Kazi ya kutengeneza redio huko Bujumbura inaendelea?

Nakuandikia juu ya mashine za marehemu Papa wetu. Tarehe 18 Oktoba tunamaliza kilio chake, na siku hiyo muziki utaruhusiwa tena nyumbani. Nataka Mama amsikie. Juzi alikuwa anachambua visamaki vya ndagala, akaniambia, "Ornella, uso wake ninao. Sauti imenitoka." Akaendelea kuchambua.

Sauti ya Papa akiongoza kwaya hapa nyumbani imo katika kompyuta yake ndogo ya muziki. Lakini kompyuta hiyo peke yake haisikiki. Inapeleka namba kwa kibadilishi, nacho kinazigeuza kuwa sauti kwa spika. Nyuma ya kibadilishi kuna matundu matatu: la USB, la waya wa shaba, na moja dogo la mraba. Waya wa tundu la mraba umeliwa na panya. Nichague upi?

Mdogo wako,
Ornella

Bujumbura, tarehe 24 Septemba

Mdogo wangu Ornella,

Nimefurahi kusikia kwamba mnapumua. Kifua changu kinasumbua asubuhi tu. Mwambie Mama ale.

Siku ya kumaliza kilio mtatumia jenereta, kwa hiyo usichague USB wala shaba. Hizo mbili zinabeba namba, lakini zinabeba pia kelele ya jenereta na kuiingiza kwenye kibadilishi. Waya wa tundu la mraba unapitisha mwanga mtupu. Umeme hauna njia humo. Nimekununulia mpya, nimempa shangazi, tantine Josée, anayevusha vitenge mpakani. Nitajitahidi kufika siku hiyo.

Kaka yako,
Hyacinthe

Uvira, tarehe 20 Oktoba

Yaya,

Salamu nyingi. Natumaini huugui, maana hatukukuona. Kiti chako kiliwekwa kando ya Mama. Baadaye watu walipanga sahani juu ya kiti hicho.

Tantine Josée alileta waya. Kwa kuogopa watu wa forodha aliukunja mara nyingi, akaufunga kwenye pembe ya kitenge chake kama anavyofunga kila kitu cha thamani. Hatukuujaribu, kwa sababu nyumba ilikuwa bado ya kilio. Basi siku yenyewe, watu wamekaa, nikaunganisha, kukawa kimya. Nilipotazama, mwanga mwekundu ulikuwa unatokea pale waya ulipokunjwa. Mwishoni haukufika. Ndani umevunjika.

Nikaweka USB. Jenereta ikaingia na kufunika kila neno. Baba mkubwa André akasema, "Weye mutoto, zima ile kitu. Hatukukuya kusikiliza nyuki." Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alitoka akaanza kuosha masufuria, na wageni walikuwa hawajamaliza kula. Tantine Josée alikwenda kumsaidia.

Tangu siku hiyo Mama hataji tena jina la Papa. Sijui kama kuna njia nyingine. Kama ipo, nielekeze.

Mdogo wako,
Ornella

Bujumbura, tarehe 9 Novemba

Ornella wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Nilifika mpakani nikarudishwa, karatasi zangu hazikuwatosha watu wa mpaka. Msimkasirikie tantine. Mimi ndiye nilipaswa kumwambia kwamba waya ule haukunjwi.

Njia ipo. Tafuta betri za pikipiki. Kompyuta, kibadilishi na spika ndogo vyote vitumie betri, pasiwe na kitu kilichoshikana na jenereta. Hapo waya wa shaba hautakuwa na kelele ya kubeba. Chagua huo, na usiuweke karibu na nyaya nyingine.

Hapa wakuu wanatuhamisha sisi wageni. Nikipata pa kukaa nitakuandikia.

Kaka yako,
Hyacinthe

Uvira, tarehe 14 Desemba

Yaya,

Nakusalimu, popote ulipo. Hatujapata barua yako tena. Milio ya bunduki ilitoka upande wa bonde, sasa imefika hapa. Mpaka umefungwa na shule pia. Tantine Josée anasema atatunza barua hii mpaka apite mtu.

Nilipata betri kwa Lionel, jirani yetu wa pikipiki. Nilifanya kama ulivyoelekeza. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, ameupa ukuta uso. Sikumwambia kitu. Kwanza ilitoka kwaya, safi kabisa, hata pumzi za waimbaji nilizisikia. Halafu wimbo ukakatika katikati na Papa akasema, karibu kabisa, kama aliye chumbani, "Mama Hyacinthe, funga dirisha. Mapikipiki inaingia mu wimbo."

Mama akainuka. Alikwenda dirishani akalifunga, akasimama hapo mkono ukiwa juu ya komeo, akingoja waimbaji waanze tena. Wakaanza. Wimbo ulipokwisha aliniuliza, "Amesema nini tena?" Nikamwambia hakuna kingine, Papa amesema hayo tu.

Imepita wiki nzima. Betri zimekwisha na umeme hakuna. Mama anakaa mbele ya spika, na dirisha hataki liguswe mpaka Papa aseme. Ndani kuna joto sana, Yaya. Njoo wewe umwambie tufungue.

Mdogo wako,
Ornella