Dirisha Ulilofungua, Papa Munganga

Papa Kasonde, mwaka umezunguka tangu tulipokusindikiza kaburini, na sisi watoto wako wa mtaa wa Kampemba tungali vile ulivyotulea: damu haitutishi hata kidogo.

Uliacha udaktari wa hospitali ya migodi, nyumba yake na posho yake, ukamwambia Mama, "Victorine, kanisa inanituma Zambia, kule banganga hakuna."

"Na siye tutakula Biblia?"

Ukacheka huku unafunga mizigo. Ulivuka mpaka wa Sakania na sanduku la mikasi, ukafyatua matofali ya hospitali pamoja na wagonjwa wako wa kwanza. Mikono ya kupasua watu, ikinuka udongo!

Hukupasua mtu bila kusali naye, wala bila ndugu zake kutoa damu. Desturi hiyo nusura ikuue.

Mimi, Mama na ndugu yangu Mawazo tulikuwa tumekuja kukutembelea siku ile mke wa mwanakijiji Kalaba alipojifungua, damu ikakataa kukatika. Uliposema unataka chupa moja ya damu, ndugu zake walitoka mbio. Punde ua ukajaa watu wenye mipini ya majembe.

"Munganga iko mutumbula! Anakamata damu ya bantu, anauzisha!"

Mmoja alikuwa ameshika kibiriti, karibu na paa lako la nyasi. Mama alikuvuta koti. "Tukimbie, Papa."

"Nikikimbia, huyu mama anakufa. Na kesho hakuna muntu ataingia hapa tena."

Ukafungua dirisha wazi kabisa. "Mukuye mutazame! Naanza na damu ya batoto yangu."

Basi mimi, Bahati, nikanyoosha mkono, nikitabasamu. Watu wakasogea dirishani. Chupa ikajaa, ikatundikwa juu ya mgonjwa, na kibiriti kikarudi mfukoni. Kalaba mwenyewe akaingia, anakunja mkono wa shati: "Na yangu, munganga."

Hospitali ingalipo, Papa. Siku hizi ina mabati, na dirisha lile hatulifungi.

Wanaokukumbuka: mke wako Victorine, binti yako Mawazo, mimi Bahati, na mke wa Kalaba, aliyevuka mpaka kuja kusali nasi. Hutatoka mioyoni mwetu.

Nimemsomea huyo mama karatasi hii kabla ya kuipeleka gazetini. Amenitazama sana.

"Bahati, nilikuwa nakufa, lakini macho ilikuwa wazi. Damu ilikuwa ya Mawazo. Weye uliona sindano tu, ukaanguka. Munganga alikuwa anakuruka pale chini."